Kadi ya biashara na ipewe kazi

Najua nimepotea, msinilaumu, madesa yalikuwa yamenifunika mpaka shingoni. Leo nimepata kanafasi kabla ya lekcha ya saa kumi, nikaona niandike kitu kinachonikera tangu Jumatatu.

Ni hivi. Fildi inakaribia na hapa hosteli umeingia ugonjwa wa kadi za biashara. Kila mtu anachapisha. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu kaniletea yake niitolee maoni, maana wananiona naijua kompyuta. Nyeusi ti, herufi za dhahabu nyembamba kama miguu ya sisimizi, imepigwa laminesheni inang'aa. Jina lake, chini yake "Mkurugenzi Mtendaji", wa kampuni ambayo hata yeye akiulizwa inafanya nini anaanza kukohoa. Namba ya simu iko pembeni kabisa, ndogoo. Nikamwambia: kaka, nzuri, lakini haina kazi. Kanuna mpaka leo.

Sikumwambia kwa kujifanya mjuaji. Kosa hilohilo nililifanya mimi kabla yake, na lilimgharimu mtu.

Desemba 2019 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nimejishikiza kwenye steshenari moja Kasulu mjini. Baba mdogo ni fundi seremala kwetu Nyakitonto, milango, vitanda, fremu za madirisha, na akipata mninga mzuri anatoa kabati la kukusimamisha njiani. Akaniambia mwanangu, nitengenezee na mimi kadi kama za watu wa mjini. Alilipa kwa hela ya debe mbili za maharage, naikumbuka hela ile kwa sababu mama mdogo alikuwa na mipango nayo mingine.

Basi nikajimwaga. Kadi mia mbili! Upande wa mbele msitu wa kijani uliokolea, maandishi ya kukunjamana kama ya kadi za harusi, na maneno ya Kiingereza ambayo baba mdogo mwenyewe alinitaka nimsomee. Jina nikaandika yale matatu ya kwenye cheti cha ubatizo. Sasa kijijini hakuna anayemjua kwa majina yale. Anaitwa baba fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, full stopu. Watu walipokea kadi wakauliza, huyu ni nani?

Hilo lilikuwa dogo. Wote mnakumbuka tarehe 20 Januari 2020 ilikuwa ndiyo mwisho wa laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Matangazo yalikuwa kila kona, redioni, kwenye miti, mimi mwenyewe nilikuwa natoa kopi za fomu za watu kutwa nzima. Ila sikumuuliza baba mdogo swali moja tu: hiyo laini umeisajili? Alikuwa hajasajili. Laini ikafungwa, na kadi mia mbili zikabaki na namba isiyoita.

Miezi kadhaa baadaye akakutana na mtu aliyekuwa anajenga upande wa Kibondo. Akamwambia, fundi, nilipewa kadi yako, nimekutafuta wiki nzima hupatikani, kazi nimempa mwingine. Milango tisa na fremu zake. Milango tisa, jamani. Kwa seremala wa kijijini huo ni msimu mzima wa kula.

Hakunigombeza. Nilipokwenda kumsalimia nikasema shikamoo baba mdogo, akaitikia marahaba mwanangu, huku anapaka gundi ya mbao kwa kutumia kadi yangu. Akasema, "Zile kadi zako zinapaka gundi vizuri kweli." Nilitamani ardhi ipasuke.

Ila pale kwenye karakana ndipo nilipojifunza. Mteja mmoja alikuja kuagiza kitanda, baba mdogo akachukua kadi akaigeuza aandike vipimo kwa penseli ya useremala. Haikushika. Laminesheni ile, penseli inateleza, kalamu ya wino inachafua kidole. Akakiacha, akachana kipande cha boksi la sabuni, akaandika urefu, upana na kiasi alicholipwa, akampa mteja. Na yule mteja akakiweka kile kipande cha boksi kwenye pochi, kwa heshima kabisa! Kadi yangu ya gharama ikabaki mezani.

Nikafikiria kadi ya kliniki. Mmeshaona mama anatupa kadi ya kliniki ya mtoto? Imekunjika, ina mafuta, lakini ipo, imefungwa kwenye nailoni chini ya godoro. Si kwa uzuri wake. Ni kwa sababu uzito wa mwanawe umeandikwa mle. Mtu hatunzi kadi yenye habari zako wewe, anatunza yenye habari zake yeye. Ndiyo hoja yangu yote hiyo, na ndiyo mshikaji hataki kuisikia.

Kadi ya pili tuliifanya kwa karatasi ya manila nyeupe isiyong'aa, bila laminesheni. Milimita 85 kwa 55, karibu sawa na kadi ya benki, inaingia kwenye pochi yoyote, na A4 moja inatoa kadi 10. Mbele jina analoitwa, neno SEREMALA, na namba kubwa kuliko jina, imegawanywa nne, tatu, tatu, ili mzee mwenye kitochi aibonyeze bila kupotea katikati. Namba ya pili ni ya mama mdogo, maana yeye simu haimtoki mkononi. Nyuma hakuna mapambo: urefu, upana, aina ya mbao, bei, malipo ya awali, siku ya kuchukua. Mistari mitupu ya kujaza.

Halafu, kwenye ukingo mrefu nikachora vistari vya sentimita, 0 hadi 8. Rula. Hicho ndicho kilichoifanya ionekane tofauti na kadi zote za Kasulu, na hakikuongeza hata senti. (Toleo la kwanza lilikuwa aibu, printa ilikuwa imewekwa ijipunguze itoshe karatasi, sentimita 8 zikawa pungufu. Rula ya fundi inayodanganya! Weka asilimia 100 kisha pima kwa rula ya kweli, msinifuate kwenye kosa.) Watoto wa shule wakaanza kuziomba wapigie mistari ya hesabu, zikaingia majumbani kwa njia hiyo.

Mshikaji anasema manila ni umaskini, mtu wa ofisini akipewa hiyo anakudharau. Sikatai moja kwa moja. Ukienda kutafuta zabuni Dar es Salaam karatasi nzito ya gramu 300 au 350 inasaidia, mkono wa mtu unaisikia. Lakini hata hiyo, upande mmoja uache bila kung'aa. Na vumbi letu jekundu la huku juu halina huruma na kitu cheusi kinachong'aa, kadi yake itakuwa na alama za vidole kabla hajashuka kwenye basi.

Anataka pia QR. Sina ugomvi nayo, ile mistatili ilibuniwa Japani mwaka 1994 kwenye Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, inafanya kazi. Ila iwe sentimita mbili kwa mbili angalau, na isifukuze namba. Mwenye kitochi QR kwake ni kitambaa cha batiki. Nembo ya mtandao wa simu ndiyo ya kufuta kabisa. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ileile, na waliochapisha nembo ya Tigo, mwaka 2024 ikawa Yas, kadi zikazeeka siku moja.

Mahali? Pamoja na anwani za makazi tulizobandikiwa mwaka 2022, sisi bado tunaelekezana kwa kanisa, mwembe na duka la nani. Andika hivyohivyo.

Faili la mshikaji nimelirekebisha usiku, nimemtumia, hajajibu. Kitanda cha juu kimya. Jana lakini baba mdogo kanipigia, kadi zimebaki kumi na kitu, anataka nyingine. Ila anasema ule mstari wa malipo ya awali niurefushe na pawe na nafasi ya sahihi ya mteja, kuna mtu wanabishana naye juu ya hela ya meza. Nimeangalia, mistari ya nyuma imeshajaa. Nafikiri nitaondoa "aina ya mbao", mbao mtu anaiona mwenyewe kwa macho. Ngoja nikimbie lekcha.