Mpangaji Aachiwe Achague Intaneti Yake

Septemba 2024, Safaricom iliwaongezea kasi wateja wa intaneti ya nyumbani bila kuongeza bei. Aliyelipa Sh2,999 kwa mwezi alitoka megabiti 10 kwa sekunde akapata 15. Wa Sh12,499 alitoka 100 akafika 500. Wateja walikuwa wamelalamika kwa miaka. Nafuu ilikuja pale Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023, ilipopunguza bei ya vifaa vyake na kuanza kuvikodisha. Na miezi michache tu kabla ya kufungua mkono hivyo, Safaricom ilikuwa imeiandikia Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ikitaka kampuni za setilaiti zisipewe leseni za kujitegemea, bali zipitie kwa kampuni zilizopo hapa.

Mteja huheshimiwa akiwa na pa kwenda. Wapangaji wengi wa maghorofa ya Nairobi hawana. Mwenye nyumba, au wakala wake, amekubaliana na kampuni moja, na fundi wa kampuni nyingine hapiti langoni. Intaneti ikikatika Ijumaa jioni, mpangaji anasubiri hadi Jumatatu, na mwisho wa mwezi analipa pesa zote kana kwamba hakuna kilichotokea. Akitaka kuhama kampuni, sharti ahame nyumba. Wapo wenye nyumba wanaopata kamisheni kwa makubaliano haya, na mpangaji anayeibeba gharama hiyo haambiwi.

Tunajua jibu la wenye majengo: hawataki kila kampuni ije itoboe kuta na kuning'iniza nyaya. Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa yake si kufunga lango. Jengo liwekewe njia moja ya nyaya ambayo kampuni zote zitaitumia kwa ada sawa. Nguzo za Kenya Power barabarani hubeba nyaya za kampuni mbalimbali. Hakuna sababu ushirikiano huo ukomee getini. Mwenye nyumba ana haki ya kuamua nyaya zipite wapi. Hana haki ya kumchagulia mtu mzima anayelipa kodi yake nani amuuzie intaneti.

Setilaiti haitamkomboa mpangaji huyu. Sahani yake inahitaji paa lenye anga wazi, na paa ni la mwenye nyumba. Isitoshe, mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha kwa muda kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma bora na ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza mikataba inayoua ushindani. Kwa hivyo hatuombi sheria mpya. Tunaitaka CA na Mamlaka ya Ushindani zitangaze kwamba mkataba wa kulifungia jengo kwa kampuni moja ni batili, mikataba iliyopo ivunjwe, na kila kamisheni iwekwe wazi kwa wapangaji. Nawe mpangaji uliyefungiwa, peleka malalamishi yako kwa maandishi katika mamlaka hizo mbili, na ubaki na nakala.