Likizo ya uzazi: Mwenye saluni asiachiwe mzigo wa taifa

KIFUNGU cha 29 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hakina utata. Mwanamke aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, naye mwanamume hupewa majuma 2 mkewe anapojifungua. Sheria haiulizi iwapo mwajiri ni kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi au ni saluni ya watu watatu huko Githurai.

Katika hilo tumeitangulia Marekani. Sheria ya likizo ya kifamilia ambayo Rais Bill Clinton alitia saini mwaka wa 1993 hutoa majuma 12 yasiyo na malipo, na katika sekta ya kibinafsi huwahusu tu wafanyakazi wa kampuni zenye watu 50 au zaidi. Kule mpaka umeandikwa sheriani. Hapa kwetu haukuandikwa, lakini upo, na aliyeuchora ni mfuko wa mwajiri.

Itakumbukwa kwamba chini ya sheria ya zamani, Sura ya 226, mama alipewa miezi 2 pekee, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Mageuzi ya 2007 yaliondoa dhuluma hiyo. Suala la nani agharamie likizo yenyewe, hata hivyo, liliachwa pale pale lilipokuwa: mwajiri alipe peke yake.

Tuseme mshonaji katika duka la cherehani tatu hulipwa Sh15,000 kwa mwezi. Akienda kujifungua, mwenye duka atamlipa Sh45,000 kwa miezi mitatu ambayo hayupo. Wateja hawangoji, kwa hivyo atamtafuta mwingine wa kushika nafasi yake, naye pia atataka ujira. Kampuni kubwa huyapangia haya katika bajeti. Mwenye cherehani tatu huenda akalazimika kuuza moja.

Ndipo hila zinapoanza. Msichana huajiriwa kwa maneno matupu, bila barua, na huitwa kibarua hata baada ya kufanya kazi miaka miwili. Anayeomba kazi huulizwa kama ameolewa na kama ana mpango wa kupata mtoto. Tumbo likianza kuonekana, huambiwa biashara imedorora na kwamba ataitwa mambo yakitengemaa. Simu hiyo aghalabu haipigwi.

Yote haya yamekatazwa. Kifungu cha 5 chapiga marufuku ubaguzi kwa misingi ya ujauzito. Kifungu cha 46 chasema ujauzito si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, na mahakama yaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Kifungu cha 37 nacho huwezesha kibarua aliyefanya kazi mfululizo kuhesabiwa kuwa mwajiriwa kamili. Hata ukosefu wa barua ya ajira haumnusuru mwajiri, kwani asipoitoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi humwangukia yeye. Lakini ni mama yupi aliye na mtoto wa majuma mawili mgongoni atakayepanga foleni katika afisi ya leba kudai haki ambayo huenda hata hajui kwamba anayo?

Si jambo la watu wachache. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu uliotolewa mwaka wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za wastani milioni 7.41 nchini, ambapo milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Ziliajiri watu milioni 14.9. Sheria ambayo haifiki huko ni sheria ya wafanyakazi wa serikali na wa majumba marefu ya Upper Hill.

Wapo wanaodai dawa ni kuongeza wakaguzi. Wakaguzi wanahitajika, ndiyo, ila mwajiri asiye na pesa hata akikaguliwa kila Jumatatu hatazipata. Wengine wangependa biashara ndogo ziondolewe jukumu hili kabisa. Huko kutakuwa ni kuhalalisha dhuluma iliyopo.

Rwanda ilikabiliwa na shida iyo hiyo. Sheria yake ya 2009 ilimlipa mama mshahara kamili kwa majuma 6 tu. Akitaka mengine 6, alibakishiwa asilimia 20. Mwaka wa 2016 nchi hiyo ilianzisha hazina maalumu ya likizo ya uzazi. Mfanyakazi huchanga asilimia 0.3 ya mshahara wake, mwajiri asilimia 0.3, na wanaume huchanga sawa na wanawake. Mwajiri aligharamia majuma 6 ya mwanzo na hazina ikagharamia yaliyosalia. Mwaka wa 2023 likizo iliongezwa hadi majuma 14.

Kwa mshonaji wetu wa Sh15,000, mchango wa mwenye duka ungekuwa Sh45 kwa mwezi. Bado angebeba majuma yale ya kwanza, lakini hangeyabeba yote. Na kwa kuwa angechanga vivyo hivyo kwa fundi mwanamume, sababu mojawapo kubwa ya kuwakwepa wasichana ingepungua makali.

Najua neno "makato" halisikiki vyema masikioni mwa Mkenya siku hizi. Asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba zimeacha majeraha, na ghadhabu ya vijana mnamo Juni 2024 haikutoka hewani. Hazina mpya yenye wakurugenzi wapya na magari mapya itapingwa, na itastahili kupingwa. Ni afadhali malipo haya yapitie NSSF, ambayo tayari ina orodha ya waajiri na wanachama, yawekwe katika akaunti yake pekee na hesabu zichapishwe kila mwaka.

Hata hivyo, mama mboga aliyejiajiri hatanufaika, kwa kuwa hana mwajiri wala hati ya mshahara. Huyo ataendelea kurudi sokoni siku chache baada ya kujifungua, na kwake itabidi Bunge litafute fungu katika bajeti kwa mujibu wa Kifungu cha 43 cha Katiba, kinachoitaka Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Lakini wale wa saluni, hoteli na maduka ya cherehani wana waajiri wanaojulikana, na mswada wa kuwafaa waweza kuandikwa kabla ya makadirio ya bajeti ijayo kusomwa.