Mto Rufiji Usisingiziwe

Kibiti iko umbali usiofika kilometa 150 kutoka Dar es Salaam, tena katika barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Lakini mtumishi apangwaye Salale, Mbwera au Kiongoroni hugundua upesi kwamba barabara humwishia njiani, na kuanzia hapo safari yake hutawaliwa na kujaa na kupwa kwa maji. Wapo wasemao kwamba wananchi wa delta wamehukumiwa na jiografia. Hoja hiyo ni nyepesi mno.

Majahazi yalipakia boriti za mikoko za delta hiyo na kuzipeleka Uarabuni kabla nchi hii haijalazwa reli hata moja. Siku hizo maji ndiyo yaliyokuwa barabara kuu, na aliyekuwa pembezoni ni mtu wa bara. Wakoloni wa Kijerumani walipojenga reli ya Tanga, na kisha ile ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, waliyafuata mashamba ya walowezi na mali ya bara. Mto haukuhama. Kilichohama ni fedha.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde kwenda nyanda za juu katika Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema, na huduma zikawa rahisi kuwafikia. Hata hivyo mashamba yalibaki bondeni, kwenye udongo ulioletwa na mto, ambako mkulima hupanda mpunga kwa mvua na mazao ya mlau maji yanapopungua, akiwinga ndege na kufukuza nguruwe kutoka kwenye dungu lake. Wengi walirudi huko kila msimu. Kuwaita wakaidi, kama walivyoitwa na baadhi ya maofisa, ni kutoelewa kilimo.

Sasa Bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kujazwa maji Desemba 2022, limeipa nchi uwezo wa megawati 2,115. Ni ushindi wa taifa. Lakini mkulima aliyekuwa akiusoma mto kwa dalili zake mwenyewe, leo mafuriko yake yanategemea pia milango ya bwawa lililo mbali naye. Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Umeme unasafiri hadi mikoa ya mbali. Hasara ilibaki mtoni.

Dhuluma iliyo kubwa zaidi imo katika karatasi za bajeti, na walimu wanaifahamu. Ruzuku ya uendeshaji wa shule hugawanywa kwa idadi ya wanafunzi. Mwalimu mkuu aliye kando ya lami hubeba chaki na vitabu kwa pikipiki. Mwenzake wa delta hulipia boti na mafuta, hulala njiani akingoja maji yajae, na fedha yake ni ileile kwa kila mtoto. Zahanati nayo haina nafuu. Usawa wa namna hiyo ni wa tarakimu tu.

Wizara zinazohusika ziingize gharama ya usafiri wa majini katika hesabu za ugawaji, kama gharama ya kawaida na si hisani ya mkurugenzi. Na ratiba ya kufungulia maji ya bwawa iwafikie wenyeviti wa vijiji vya delta kabla wakulima hawajatia mbegu za mlau ardhini.