Weka Spana Chini Kwanza!

Haya wasomaji wangu, leo naiweka kompyuta kando kidogo. Msikimbie lakini, maana mwisho wa safari tutarudi kule kule kwenye programu.

Kila baada ya wiki chache napata barua pepe ya aina moja. "Nimepata pikipiki kuukuu, imeliwa na kutu, nataka kuifufua, nianzie wapi?" Anayeniandikia huwa ni mtu kama mimi: amesomea kompyuta, hajawahi kushika spana, ana hamu tele. Na kabla sijamjibu, tayari ameshapata jibu kwenye video. Kijana mwenye glavu safi anaifungua pikipiki yote hadi nati ya mwisho, anapaka fremu rangi, anairudisha, na dakika ishirini baadaye inanguruma. Fungua yote, anza upya! Huo ndio ushauri.

Mimi nasema hakuna ushauri mbaya zaidi kwa mtu anayeanza. Nasema hivyo kwa sababu niliufuata, nikaiua pikipiki ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa bwana shamba kule Wundanyi, Taita. Ile Honda CG125 aliinunua mwaka 1994 ikiwa imetumika, akapanda nayo milima yote ile mpaka alipostaafu mwaka 2008. Baada ya hapo ikakaa nyuma ya zizi la ng'ombe, chini ya mabati. Mwaka 2021 alinipa kwa mdomo wake: "Mpwa wangu, wewe umesoma mashine. Ichukue, uifufue, siku moja unibebe." Sikumwambia kwamba mashine nilizosomea hazina oili.

Nikakodisha pikapu hadi Nairobi. Wikendi mbili tu, nilikuwa nimeifungua yote. Injini niliipasua katikati kwa sababu kwenye video waliipasua. Vipande vikajaa kwenye roshani, vingine kwenye ndoo, vingine kwenye mifuko ya karatasi. Kisha kazi ikazidi, mradi mmoja ukanimeza miezi mitano, mvua ya masika ikaja, na roshani yangu haina paa la maana. Nilipovirudia vile vipande, beringi za kranki zilikuwa zimeshika kutu, silinda ina mashimo madogo madogo, na nati robo ya ndoo sijui ni za wapi. Nikambebea fundi wa jua kali. Akaangalia, akanyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Injinia, hii uliifungua ya nini?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa nimejaribu hata kuizungusha injini kabla ya kuifungua! Huenda ilikuwa nzima. Injini iliyofungwa, yenye oili ndani na plagi mahali pake, ilikuwa imekaa zizini miaka 13. Mimi niliimaliza kwa miezi mitano kwa kuifungua. Iliuzwa kwa kilo, vyuma chakavu. Mjomba bado huniuliza nikienda nyumbani: "Pikipiki yangu inaendeleaje?" Mwaka wa kwanza nilimdanganya. Mwaka wa pili nilimwambia ukweli. Aliitikia kwa kichwa, akabadilisha mazungumzo kuwa ya mvua. Afadhali angenigombeza.

Sasa sikilizeni ubishi wangu.

Kosa la kwanza la ushauri huu ni kudhani kutu ya nje ni habari ya ndani. Siyo. Kutu ya juu kwenye sailensa, spoki na mpini ni aibu tu, si ugonjwa. Hii CG125, Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako watu hucheleweshwa na maisha kubadilisha oili. Kamshafti yake haiko juu kwenye kichwa cha injini, iko chini karibu na oili, na inasukuma valvu kwa vijiti virefu. Cheni yake ilifunikwa yote kwa chuma ili vumbi lisiingie. Yaani wahandisi walihangaika kuilinda dhidi ya uzembe wetu, halafu wewe unaanza kwa kuondoa kila ulinzi waliouweka!

Kosa la pili ni la hesabu, na wenzangu wa programu hawana kisingizio hapa. Ukifungua kila kitu, ukabadilisha kila kitu, ukarudisha kila kitu, na pikipiki ikakataa kuwaka, hitilafu iko wapi? Kabureta? Waya ulioubana vibaya? Gasketi? Umefanya mabadiliko mia mbili kwa mkupuo na hujajaribu hata moja. Kazini ukileta kazi ya namna hiyo, mkubwa wako atakurudishia bila kuisoma. Kwa nini gereji iwe tofauti?

Pikipiki ya pili niliipata mwaka uliofuata, CG125 nyingine, yenye kutu kuliko ya mjomba. Safari hii nilifuata njia ya yule fundi, nami naiandika hapa ili isikupotee:

1. Kabla ya pesa kutoka mfukoni, linganisha namba ya injini na ya chesisi na rekodi za NTSA. Pikipiki nzuri isiyo na karatasi ni mapambo ya uani.

2. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo ndani ya silinda, acha siku kadhaa. Kisha tia gia ya juu kabisa, zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Usipige kiki kwa nguvu! Pistoni iliyoganda ukiilazimisha utavunja kilichokuwa kizima.

3. Ikizunguka, ziba tundu la plagi kwa kidole na mtu akuzungushie. Hewa ikikisukuma kidole, kuna mgandamizo. Iguse plagi kwenye chuma cha injini, mbali na lile tundu na mbali na petroli, uone kama inatoa cheche.

4. Badilisha oili. Safisha kabureta, maana petroli ya zamani huacha gundi kwenye jeti. Tumia uzi mwembamba wa shaba, usitumie waya wa chuma; jeti ni laini na tundu likipanuka limeharibika.

5. Weka petroli mpya kwenye chupa ndogo ya pembeni, siyo kwenye tangi lenye kutu. Washa.

Yangu iliwaka kwa moshi mwingi na kelele kama cherehani mbovu, siku ya nne. Kutu yote bado ipo! Lakini sasa nilikuwa na kitu kinachofanya kazi, na kuanzia hapo kila nilichogusa nilijua kama nimesaidia au nimeharibu. Breki kwanza, kisha matairi, kisha waya, kisha tangi. Kimoja kimoja, na picha kabla ya kila nati. Kifaa kimoja nje, kifaa kimoja ndani, washa tena. Mnaotumia Git mnanielewa.

Na kuhusu kutu yenyewe: huhitaji dawa za bei kali. Siki na uvumilivu hutosha kwa vipande vidogo. Kwa vikubwa vya chuma kuna maji ya magadi, ile soda inayochimbwa Ziwa Magadi, pamoja na chaja ya betri ya volti 12. Upande hasi kwenye kifaa chako, upande chanya kwenye chuma chakavu. Ukigeuza, kitakacholiwa ni kifaa chako. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kipande cha kutupwa, hutoa sumu ya kromiamu. Usitumbukize aluminiamu. Fanyia kazi hiyo nje, maana inatoa haidrojeni, na tangi lioshwe mpaka harufu ya petroli iishe kabisa kabla hujalisogezea umeme.

Najua kuna watakaonipinga. "Bila kufungua utajuaje kilichooza?" Sawa, hoja hiyo ina uzito. Fremu ikiwa imetoboka, fungua. Injini ikikataa kuzunguka baada ya wiki nzima ya oili, fungua. Breki, hizo fungua kabla hujaenda hata mita kumi, ila usipulize vumbi lake. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Mimi sisemi usifungue kamwe. Nasema fungua kwa sababu unayoweza kuitamka. "Waliifungua kwenye video" si sababu.

Wengine watasema fundi wa jua kali hajasoma. Jamani! Yule mzee alijua kwa sikio tu kwamba valvu zangu zimekaza, mimi nikiwa na digrii na kitabu cha huduma mkononi. Tena alinionyesha kwamba skrubu za Japani zina msalaba wa aina yake, na bisibisi yangu ya dukani ndiyo iliyokuwa inazikata vichwa. Mwezi mzima nilikuwa nalaumu kutu.

Nilisema tutarudi kwenye programu. Netscape walitoa toleo la 4 mwaka 1997, kisha wakaamua kuandika karibu kila kitu upya. Toleo la 6 lilitoka mwishoni mwa mwaka 2000, na kufikia hapo Microsoft walikuwa wameshachukua soko. Msimbo wa zamani ulikuwa na kutu, ndiyo, lakini ulikuwa unazunguka. Tunaopenda kuanza upya mara nyingi hatupendi ubora, tunaogopa kusoma kazi ya aliyetutangulia.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia juzi, mwenye pikipiki ya marehemu baba yako: weka spana chini kwanza. Toa plagi, mimina oili, subiri. Huenda baba yako amekuachia injini nzima ndani ya kutu ile. Usiwe wewe wa kuimaliza.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye ubishi, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Wikendi ijayo nateremka Wundanyi na hii ya pili. Mjomba atapanda nyuma, akikubali.