Vita havikuishia kwenye maji: wapelekeni watoto Chandamali

Kila mwezi wa Februari Songea hujaa wageni. Viongozi, wanafunzi waliovaa sare, wazee wa kimila na wacheza lizombe wote huelekea Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, walikolala mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Mashada huwekwa, hotuba husomwa, watu hutawanyika. Wachache sana kati yao hupanda Chandamali. Hilo naliona kosa kubwa, maana palipo na kaburi tunajifunza namna mashujaa hawa walivyokufa tu.

Chandamali ni mawe makubwa yaliyo pembezoni mwa mji wetu. Katikati ya mawe hayo ndipo wazee wa Kingoni wanapotuonyesha maficho ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, wakati wa Vita vya Majimaji. Mji mzima unaitwa kwa jina lake. Tunalitaja tukikata tiketi ya basi, tukijaza fomu za benki, tukiwasalimia jamaa kwa simu. Ila ukimsimamisha kijana pale stendi kuu na kumuuliza Nduna alikaa wapi vita vilipokuwa vimepamba moto, atakujibu kuwa alinyongwa. Hilo ndilo analolijua.

Nimefundisha historia katika sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na bado walimu vijana hunialika niandamane na wanafunzi wao. Juzijuzi tulipanda na kidato cha pili. Anayetegemea kuona vyumba na kumbi kama za Mapango ya Amboni kule Tanga asihangaike kuja. Pale ni jiwe na kivuli chake, baridi ya Songea, na upande wa pili milima ya Matogoro. Wanafunzi walianza kama kawaida yao, simu juu, picha baada ya picha. Kisha binti mmoja akamgeukia mzee aliyetuongoza, akapiga goti kidogo, akamwamkia upya, akauliza: "Babu, sasa huku alikuwa anakula nini?"

Mzee hakujibu haraka. Alimtazama, akasema: "Mjukuu wangu, alikula alicholetewa. Na aliyekileta alijua wazi kwamba akionekana, nyumba yake inachomwa."

Katika miaka yangu yote ya kusahihisha mitihani sijapata kuona swali hilo. Tunawauliza watoto sababu za vita, nao wanajibu vizuri: kodi, pamba ya kulazimishwa, viboko vya maakida. Tunawauliza kwa nini Waafrika walishindwa, nao wanaandika kuwa silaha zilikuwa duni na waliamini kwamba maji ya dawa yangezuia risasi. Baada ya hapo kinakuja kitanzi, na sura inafungwa. Mwanafunzi anabaki na picha ya mababu waliorogwa na mganga, wakakimbilia bombomu vifua wazi, wakafa, yakaisha. Hata sanaa yetu imevutwa upande huo. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969, ni kazi kubwa ninayoiheshimu sana, na ndiyo iliyowafikisha Watanzania wengi kwenye vita hivi. Lakini inamhusu mtu wa maji, na watu wengi wakishaifunga hudhani wameshaijua Majimaji yote.

Tazama tarehe zenyewe. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, pamba ilipong'olewa kule Nandete. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Maana yake ni kwamba aliyeleta maji alikufa vita vikiwa bado vichanga kabisa. Mwisho wa Agosti wapiganaji walivamia boma la Mahenge, ile ya Ulanga, wakafyekwa kwa bombomu. Oktoba kambi ya Wangoni ilishambuliwa, na watu wetu wakaona kwa macho yao kwamba maji hayazuii risasi. Hapo ndipo vitabu vingi huweka nukta.

Vita viliendelea mpaka 1907! Kama imani ya maji ilivunjika Oktoba 1905, watu waliopigana baada ya hapo walipigana kwa nguvu ya nini? Chandamali inajibu. Walipigana kwa sababu hawakutaka kutawaliwa. Waliacha kushambulia mchana kweupe kwa makundi makubwa, wakajigawa katika vikundi vidogo, wakaingia msituni na kwenye mawe, wakamvizia adui. Huko ni kufikiri, ni kujipanga upya baada ya kipigo. Nkosi Chabruma wa Mshope alipigana hivyo mpaka akavuka kuingia Msumbiji. Viongozi wa namna hiyo nasita sana kuwaita watu waliodanganywa na dawa.

Na Wajerumani wenyewe waliwaelewa vizuri kuliko vitabu vyetu. Walipoona kwamba watu hawajitokezi kupigwa, waligeukia chakula. Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana von Götzen kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha watu hawa moja kwa moja. Ikawa hivyo. Maghala yakachomwa, mazao shambani yakateketezwa, mbegu hazikubaki. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, wanafikisha idadi kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa kukosa kula.

Kwa hiyo lile swali la binti kuhusu chakula ndilo lilikuwa swali la vita vyenyewe. Kila kibuyu cha maji ya kunywa na kila tonge lililopandishwa mlimani lilitolewa kwenye nyumba yenye watoto wenye njaa. Aliyembebea Nduna chakula alikuwa mpiganaji sawasawa na aliyeshika mkuki, na nina hakika wengi walikuwa wanawake, kwa sababu nawajua wanawake wa huku na kazi walizokuwa wakizifanya. Kwenye orodha ya mashujaa tunamtaja mwanamke mmoja, Nduna Mkomanile wa Kitanda, aliyenyongwa pamoja na wanaume, na jina lake tunalitamka kwa fahari. Hao wengine hawana jina wala mnara. Pale penye mawe ndipo mahali pekee ambapo mwalimu anaweza kuwataja na mwanafunzi akaelewa anaambiwa nini.

Baada ya maficho hayo ndipo inapokuja ile habari ya kitanzi. Kumbukumbu yetu inahesabu mashujaa 67, na ndani yao yumo Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai Nduna Songea kwa sababu ya umaarufu wake, naye akakataa kuishi wakati wenzake wamenyongwa. Akanyongwa peke yake siku chache baadaye. Kichwa chake kinasemekana kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha, akaahidi kwamba nchi yake itajitahidi kulitafuta fuvu hilo.

Ninalitaka lirudi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, na lilikuwa limetajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kwa hiyo asituambie mtu kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, walitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai hapa Tanzania. Ukoo wa Mbano una haki ya kusubiri kwa matumaini, na serikali yetu ina wajibu wa kuikumbusha Berlin ahadi hiyo kila mwaka bila kuona haya.

Ila kulisubiri fuvu hakutuzuii kupanda mlima. Hilo halihitaji kibali cha Berlin. Sasa hivi shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena linafundishwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee wa Chandamali anaweza kusimama mbele ya darasa akaitumia bila mkalimani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijijini kuwahoji wazee waliokuwa watoto wakati wa vita. Wazee wale wameondoka wote. Tulionao leo ni wajukuu na vitukuu waliosimuliwa na bibi zao, nao pia wanazeeka.

Nawaomba walimu wakuu wa Songea, Namtumbo, Mbinga, Tunduru na Nyasa wasingoje gwaride la Februari. Pangeni siku ya kawaida ya masomo. Wapelekeni watoto Chandamali kwanza, Mahenge baadaye, kwa mpangilio uleule ambao Nduna aliupitia. Mwiteni mzee wa ukoo, mlipeni nauli na posho yake kama mnavyomlipa mgeni wa semina, na mpeni kila mwanafunzi daftari aandike asikiacho. Halmashauri ziwalipie mafuta ya basi. Na watunga mitihani, mwaka ujao ulizeni wale waliojificha walikula nini, na nani aliwapelekea.