Mwezi wa Hadithi Nyumbani

Likizo ya Desemba ikikaribia, wanafunzi wa shule yetu huulizana watakwenda wapi. Wengi hujibu kwamba watalima, wengine watakwenda kwa ndugu zao Mwanza au Kahama, na wavulana wachache husema kwa sauti ya chini kwamba watashuka duarani ili wapate fedha ya viatu na madaftari. Mimi nina shauri jingine, nalo halimzuii mtu kulima. Nashauri mwezi ule tuufanye mwezi wa hadithi za ajabu. Tuzisome, tuziandike, na tuzisimulie nyumbani pamoja na wazazi, bibi na babu, na wadogo zetu.

Nasema hadithi za ajabu kwa makusudi. Sikusudii hadithi za mambo yaliyotokea jana sokoni, bali zile za mazimwi, za wanyama wasemao, za nchi zielezwazo lakini zisizoonekana kwenye ramani. Yapo maneno yanayosemwa juu ya hadithi hizo. Wengine husema kwamba ni za watoto wadogo, wengine kwamba hazimpi mtu alama katika mtihani, na wengine kwamba katika nchi yenye imani za uchawi kama yetu ni hatari kuziendeleza. Neno hili la mwisho ni zito, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza nitaje vitabu, maana mtu akiambiwa asome huuliza, "Nisome nini?" Marehemu Shaaban Robert alitoa kitabu cha Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea hewani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria. Mwaka uliofuata kilitoka Adili na Nduguze, na humo liwali mwema analazimika kuwapiga manyani wawili kila usiku, nao kumbe ni ndugu zake wa tumbo moja. Hakuna nchi ya namna hiyo wala manyani wa namna hiyo, lakini msomaji akifunga kitabu anajua zaidi juu ya husuda na juu ya mahakama kuliko alivyojua kabla hajakifungua. Ziko pia ngano za Unguja ambazo Edward Steere alizikusanya na kuzipiga chapa London mwaka 1870. Ukipata nakala ya zamani ya Mashimo ya Mfalme Suleimani, tafsiri ya mwaka 1929, isome hasa wewe unayetoka karibu na machimbo. Humo wamo watu waliofungiwa ndani ya pango lililojaa almasi, na almasi zote zile haziwezi kuwanunulia hata kikombe cha maji. Aliyekomaa kidogo ajaribu Nagona na Mzingile, vitabu vya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe katika ziwa letu hili. Navyo ni vigumu, lakini ni vya kwetu.

Basi atakayesema kwamba hadithi za ajabu ni za watoto wadogo na avisome vitabu hivyo kwanza. Na atakayesema kwamba hazina faida katika mtihani akumbuke kwamba fasihi simulizi imo katika somo letu la Kiswahili, na kwamba asiyesoma kitu hawezi kuandika insha yenye uhai.

Lakini kusoma peke yake hakutoshi, na vitabu si vingi. Hazina kubwa ipo nyumbani. Zamani katika miji ya Wasukuma wanaume na vijana walikaa jioni kuuzunguka moto wa shikome, na hapo ndipo vijana walipofundishwa mengi. Siku hizi katika nyumba nyingi za Nyarugusu shikome haupo tena, na baada ya chakula kila mtu hutazama simu yake. Hata hivyo wazee wapo, na hadithi bado wanazo. Kinachotakiwa ni saa moja baada ya chakula cha usiku, taa, na mtu wa kuuliza, "Bibi, ilikuwaje?" Wadogo zetu wataitikia, baba atasahihisha pale bibi aliporuka, mama atasema kwamba kwao hadithi ile ilikwisha vingine, na kicheko kitakuwapo cha bure.

Kisha tuandike. Kila mmoja wetu awe na daftari moja la likizo. Nusu yake aandike hadithi alizosikia, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, kama zilivyosemwa. Nusu ya pili aandike zake mwenyewe. Mimi likizo iliyopita nilianza hadithi ya duara lililojifunza kusema, ambalo kila jioni liliwaita wachimbaji kwa majina yao. Mdogo wangu wa darasa la nne aliniuliza lilijuaje majina. Swali hilo lilinipa kazi ya siku tatu, kwani mtoto hakubali ajabu isiyo na sababu. Ndipo nilipofahamu kwamba kutunga mambo ya uongo kunataka akili iliyonyooka.

Sasa nalijibu lile neno zito. Sisi sote twajua yaliyotendeka katika mikoa yetu ya Shinyanga, Mwanza na Geita. Kwa miaka mingi akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Kuanzia mwaka 2007 hivi watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo, kwa kuwa watu waliambiwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Basi, mzazi akiuliza kama inafaa kuwajaza watoto habari za mazimwi mahali kama hapa, haulizi neno la kipuuzi.

Nami najibu kwamba inafaa, na hapa kuliko mahali pengine. Tazameni jinsi hadithi inavyoanza. Msimulizi husema "Paukwa!" nasi twaitikia "Pakawa!" Hilo ni kama kubisha hodi na kukaribishwa. Tangu hapo kila aliyeketi anajua kwamba tumetoka katika mambo ya kweli na kuingia katika mambo ya mfano. Hadithi ikiisha, msimulizi husema imekwisha, nasi twarudi. Mtoto aliyezoea kwenda na kurudi hivi usiku baada ya usiku anajifunza kuujua mpaka.

Mpiga ramli naye ni msimulizi. Husema kwamba dhahabu ya duara fulani imejificha na haitatoka mpaka kitu fulani kiletwe, au kwamba mtoto amekufa kwa sababu ya jirani mzee. Hiyo nayo ni hadithi, ina zimwi lake na ina dawa yake. Tofauti ni kwamba yeye hasemi "Paukwa". Anamwingiza mtu katika uzushi bila kubisha hodi, wala hamrudishi. Uvumi uletwao na simu ni wa ukoo huo huo. Sidhani kwamba anayedanganywa ni yule aliyesikia hadithi nyingi mno. Nadhani ni yule ambaye hakufundishwa namna hadithi inavyotengenezwa, kwa hiyo akiletewa moja iliyovikwa nguo za ukweli huipokea kama habari. Aliyepata kutunga zimwi lake mwenyewe katika daftari, akaulizwa na mdogo wake, "Lilijuaje?", ndiye atakayemwuliza mpiga ramli swali lilo hilo.

Tena, tuzisikilize ngano zetu mpaka mwisho. Wasukuma wanayo habari ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha. Akazaa mtoto, Masala Kulangwa, naye alipokua akalitafuta zimwi na kuliua. Wengi huishia hapo. Lakini hadithi inaendelea. Alipokuwa akilipasua tumbo ili watu watoke, alimkata sikio bibi kizee mmoja kwa bahati mbaya. Bibi yule akakasirika sana, akataka kumroga. Masala Kulangwa alifanya nini? Hakuwaita watu wenye mapanga. Alitafuta dawa akamponya lile sikio. Wazee wetu waliotunga hivyo walijua sana hofu ya uchawi, na wakatuachia neno kwamba ajuza mwenye hasira ni mtu aliyeumizwa, na dawa yake ni kutibiwa. Laiti ngano hiyo ingesimuliwa mpaka mwisho katika kila nyumba ya mikoa hii!

Kwa hiyo nawaomba wazazi watupe ile saa moja ya usiku, nao wakae pamoja nasi, kwani bila wao hatuna wa kumwuliza. Nawaomba walimu wetu wa Kiswahili watuazime vitabu vya maktaba wakati wa likizo, wayaandike majina yetu, na wamwadhibu atakayepoteza. Namwomba Mhariri atenge kurasa mbili za toleo la muhula ujao kwa hadithi bora zitakazotoka katika madaftari hayo. Na kwenu, wanafunzi wenzangu, nasema kwamba bibi zetu hawatakuwapo siku zote. Mwenye bibi aliye hai na aketi karibu naye Desemba hii, amwitikie "Pakawa" kwa sauti, na achukue kalamu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu