Himaya za Angani: Mwenyeji Hana Zamu

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha vijana wetu shule zinapofungwa ni michezo ya tarakilishi, na miongoni mwa michezo hiyo iko aina moja ambayo walimu na wazazi aghalabu huipita bila ya kuitupia jicho. Si michezo ya kandanda wala ya mbio za magari. Ni ile ya kujenga himaya katika anga za juu, ambamo mchezaji hukabidhiwa sayari moja, vyombo vichache vya kusafiria angani na ramani iliyojaa giza, kisha akaachiwa galaksi nzima aitawale akiweza. Nimeicheza michezo hii kwa miaka mingi na ninaipenda. Ndiyo sababu nataka kuijadili kwa uzito unaoistahili, kwani naamini kwamba inawafunza wanafunzi wetu somo la historia ambalo hakuna mwalimu aliyeliandaa.

Mwaka 1993 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Master of Orion. Katika mwaka huohuo mwandishi Alan Emrich, alipouchambua mchezo huo, aliueleza kwa vitenzi vinne vya Kiingereza vyenye sauti ya herufi X, ambavyo kwa lugha yetu ni kuchunguza, kutanuka, kuchuma na kuangamiza. Tangu wakati huo aina nzima ya michezo hii hutambulishwa kwa herufi hizo nne, hadi kufikia Stellaris, mchezo uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Paradox ya Uswidi. Kitenzi cha tatu kina sura mbili katika Kiingereza: chaweza kuwa ni kuitumia ardhi na madini yake, na chaweza pia kuwa ni kumnyonya binadamu. Mchezo hautofautishi sura hizo.

Simo kabisa katika kundi la wale wanaosema kwamba michezo hii ni upotevu wa wakati. Mchezaji hana budi kupima mapato na matumizi, kuamua kama fedha zake ziende katika utafiti au katika silaha, na kujua ni jirani yupi wa kufanya naye mkataba. Katika Master of Orion yaweza kutokea mtu akashinda bila ya kuwamaliza wapinzani wake, akipata theluthi mbili za kura katika baraza la galaksi. Isitoshe, michezo ya mikakati si mila ngeni kwetu. Wazee wa pwani wamecheza bao karne nenda karne rudi, na anayelijua bao anajua kwamba mtaji mmoja unaweza kufikiriwa kwa muda mrefu kuliko vita vingi vilivyopata kupiganwa.

Hata hivyo, bao lina jambo moja ambalo michezo ya angani haina. Bao lina kete 64, na wachezaji wawili huzigawana sawasawa, 32 kwa 32. Kila aliye na chake juu ya bao ana zamu yake ya kucheza. Katika himaya za angani wamo watu ambao sayari ni yao, lakini zamu hawana.

Nitatoa mfano. Katika toleo la pili la Master of Orion, lililotoka mwaka 1996, baadhi ya sayari tayari zina wenyeji. Wenyeji hao hawana jeshi, hawana balozi wala kura barazani. Mchezaji anapoanzisha koloni juu ya sayari yao, wanahesabiwa papo hapo kuwa wakazi wa himaya yake, na kazi yao huwa ni moja tu, nayo ni kulima. Hawawezi kuwa wanasayansi, hawawezi kufanya kazi viwandani, wala hawawezi kuhamishiwa mahali pengine. Mchezaji hufurahi anapowakuta, kwa maana watailisha himaya yake. Hakuna anayewauliza lolote, na hakuna mahali katika mchezo ambapo wangeweza kujibu.

Mwanafunzi wa Kenya anayesoma historia yake hapaswi kuuona mpango huu kuwa ni hadithi ya nyota za mbali. Kati ya Novemba 1884 na Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 waliketi Berlin kuzungumzia bara letu, na hakuna Mwafrika aliyekuwa na kiti. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika Kisumu. Mwaka 1902 ikaja sheria ya kuwagawia walowezi ardhi, na ile ya mwaka 1915 ikawapa mikataba ya miaka 999. Kodi ya nyumba na kipande zikakamilisha kazi iliyobaki, yaani kumlazimisha mwenye shamba aende kuwa kibarua katika shamba la mgeni. Kuchunguza, kutanuka, kuchuma. Na kuangamiza hakukukosekana. Wanandi walipigana kwa takriban miaka 10, hadi Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa risasi na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa ni wa amani. Katika Master of Orion ya kwanza, zamu moja ni mwaka mmoja. Upinzani wote huo, pamoja na misiba na makaburi yake, ungekuwa zamu kama 10 za mtu anayebonyeza kitufe huku akisubiri makoloni yake yakomae.

Mtetezi wa michezo hii anaweza kunijibu kwamba watungaji wa siku hizi wameamka, na jibu lake lina uzito. Katika Stellaris mchezaji akizikuta jamii ambazo hazijajua kusafiri baina ya nyota, anaweza kuzichungulia kwa siri, kuzielimisha, kuzipelekea majeshi, au hata kuweka sera ya kutoziingilia kabisa. Huo ni uungwana, na ni afadhali kuliko ukatili. Lakini tutazame ni nani anayeteua. Mwenyeji akiachwa salama, ameachwa kwa hisani ya mtawala. Akivamiwa, amevamiwa kwa uamuzi wa mtawala yuleyule. Hisani si haki. Anayekupa kwa hiari yake anaweza kukunyang'anya kwa hiari yake pia, na jambo hili wazee wetu walilijifunza bila ya tarakilishi.

Pengine msomaji atasema kuwa nimekuza mambo, kwa vile nyota za michezo hazina watu wa kweli. Naam, lakini anga za juu ni za kweli, na zinagombewa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia mwezi au sayari. Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki madini watakayoyachimba huko juu, na mwaka 2017 Luxembourg ikafuata kwa sheria yake. Hoja yao ni kwamba kumiliki kilichochimbwa si kumiliki mahali kilipochimbwa. Mkenya anayekumbuka jinsi neno "ulinzi" lilivyotumiwa mwaka 1895 ana haki ya kuisikiliza hoja hiyo kwa makini.

Sisi wenyewe si wageni katika jambo hili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wetu, satelaiti ya Kimarekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini chombo kilikuwa cha wenzetu. Satelaiti yetu wenyewe ya kuchunguza ardhi, Taifa-1, ilipaa mwezi Aprili 2023, nayo ilirushwa kutoka California. Hizo ni hatua, na kila hatua inahitaji vijana wanaojua tofauti iliyopo kati ya kuwa na zamu na kuwa sehemu ya ramani ya mtu mwingine.

Kwa hivyo, ushauri wangu kwa walimu si kuipiga marufuku michezo hii. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi afundishwe kufikiri kwa kina, na hiki hapa ni chombo ambacho wanafunzi wengi tayari wanacho mikononi. Mwalimu wa historia awaulize maswali matatu: Nani alikuwa hapa kabla ya mchezaji kufika? Nani anahesabu mavuno, na nani anayalima? Nani hana zamu? Mwalimu wa Kiswahili naye awaagize waandike insha inayosimulia mchezo huohuo kwa kauli ya mwenyeji aliyeamka asubuhi akaona vyombo vigeni juu ya shamba lake. Shule isiyo na tarakilishi haijanyimwa somo hili. Nyota 20 zilizochorwa ubaoni kwa chaki, makundi manne ya wanafunzi watakaozigawana, na kundi la tano litakaloambiwa likae kimya, zatosha kabisa. Kundi hilo la tano ndilo litakalokuwa na mengi ya kusema kipindi kitakapokwisha.

Vijana wetu na waendelee kujenga himaya zao, na washinde. Lakini wakumbuke kwamba katika mchezo uliochezwa hapa kwetu kati ya mwaka 1895 na mwaka 1963, babu zao hawakuwa wachezaji waliokaa mbele ya ramani. Wao ndio waliokuwa wakiishi ndani yake.